Aliyechuma Usiku

Kuna jiwe katikati ya shamba langu hapa Vihiga,
kubwa kuliko jikoni kwangu,
limelala kama ng'ombe aliyeshiba.
Marehemu Asava aliliwashia moto siku tatu,
akalimwagia maji baridi ili lipasuke.
Halikupasuka. Lilitoa moshi, likanyamaza.
Basi tukapanda kulizunguka.

Upande wa juu, kunde. Upande wa chini, mrenda,
na saga, ile chungu inayotaka maziwa na subira,
na mitoo iliyojiotea bila kualikwa
mwaka ule wa msiba. Niliiacha.
Sikuwa na nguvu ya kung'oa kitu.

Mimi si mtu wa sala ndefu.
Kanisani kwetu ngoma hupigwa hadi vumbi likapaa,
wenye kanzu nyeupe wanazunguka, wanashukiwa,
nami nimekaa nyuma karibu na dirisha
nikiwaza kama nilifunga lango la bustani.
Lakini alfajiri, miguu ndani ya umande,
jiwe bado lina joto kidogo la jana,
hapo mdomo hufunguka wenyewe.
Sisemi mengi. Nasema: "Umeota."
Nauambia mche,
na sijui ni nani anayeitika.

Jumanne nilikuta tuta la kunde limechumwa.
Usiku. Mvua ilikuwa imepita,
na udongo mwekundu haujui kuficha siri:
nyayo ndogo, pekupeku,
kisigino kimoja kimekanyaga upande.
Nilifoka. Nilimtukana mwizi na ukoo wake
mpaka Jahenda akachungulia juu ya ua,
mswaki mdomoni,
akauliza nani amekufa.

Kisha niliinama.

Hakung'oa hata shina moja.
Alikata ncha kwa kucha,
akaacha macho mawili kila tawi yapate kuchipuka,
akairuka miche michanga,
na maua ya zambarau hakuyagusa.
Hivyo hasa alivyonifundisha mama yangu Kavulani,
akinichapa vidole kwa kijiti nikisahau:
"Chuma kama mtu atakayerudi."

Nani kamfundisha huyu?
Kuna mkono mahali fulani, wa nyanya au shangazi,
uliowahi kukishika kiganja hicho kidogo
ukakionyesha pa kukata.
Na njaa ilipomtoa nje gizani
haikuweza kumsahaulisha.

Nikakaa juu ya jiwe.
Matusi yangu yalikuwa yangali yananing'inia
kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.
Furaha ikanijia, si ile ya ngoma.
Ilianzia unyayoni, ikapanda polepole
jinsi maji yapandavyo ndani ya bua la mhindi,
bila mtu kuyaona, bila mtu kuyasukuma.

Nilikuwa nimehesabu vibaya.
Miaka yote nimeshukuru mvua,
na samadi ya ng'ombe wa Ambani,
na mgongo huu kwamba bado unakunjika.
Sikuwahi kushukuru kwamba kuna wa kula.
Tangu Asava aende nimekuwa nikipika
sufuria ndogo, nikila nimesimama.

Jioni nililegeza waya wa lango.
Sikumwambia mtu. Nikaweka magadi kidogo
kwenye kipande cha gazeti, juu ya jiwe,
maana kunde bila magadi ni ngumu kwa meno ya mtoto.
Mvua ikinyesha yatayeyuka, nilijiambia,
basi jiwe litakuwa limekula.
Nalo limengoja muda mrefu.

Leo ni siku ya sita. Gazeti halipo.
Huenda ni mtoto, huenda ni upepo wa kutoka Maragoli,
sitafuti kujua.
Kwenye tuta, kila tawi,
macho mawili yamefumbuka, kijani cha kuumiza.
Nimevua viatu.
"Umeota," nimesema,
nami nikasikia nyuma yangu vishindo vidogo vya miguu.
Nimegeuka.
Ni kuku wa Jahenda. Wote tisa.
Wameliona lango.